Distributa Moja au Koili Nne?



Juma hili tuzungumze habari ya motokaa. Najua yuko mama atakayesema, "Hii si yetu, waachieni vijana." La, mama, usigeuze ukurasa. Katika habari hii yumo mtamba wa ng'ombe, imo ada ya shule ya binti, na imo amani ya nyumba moja ya Kikristo.

Baba mmoja ameniletea barua. Ana pikapu kuukuu, yenye injini ya petroli ya silinda 4. Ndiyo inayopeleka mahindi na maharagwe yake mnadani, na wagonjwa wa kijiji hospitali. Mwanawe wa kwanza amerudi kutoka mjini, alikojifunza ufundi wa magari miaka miwili. Kijana akafungua boneti, akatazama, akasema: "Baba, distributa ni kitu cha kizamani. Gari za mashindano hazina tena kitu hiki. Tuuze mtamba mmoja, niing'oe, niweke koili nne na kompyuta yake, na gari litapanda mlima kama swala." Baba akamjibu kwamba distributa hiyo ndiyo iliyomlisha tangu utoto. Tokea siku hiyo hawasemezani vizuri. Mama naye hajui asimame upande gani, maana mtamba huyo amewekwa kwa ajili ya ada ya binti mdogo. Baba aniuliza: "Karani, nani ana haki?"

Nitajibu, lakini si kabla ya kukieleza kitu chenyewe. Watu wengi hugombana juu ya jambo ambalo hakuna kati yao aliyelifunua akalitazama ndani.

Injini ya petroli yahitaji hewa, petroli na cheche ya moto. Hewa na petroli huingia katika silinda, pistoni huzisonga pamoja, na plagi hutoa cheche ya kuziwasha. Moto ule ndio unaoisukuma pistoni chini, na gari likaenda. Sasa betri ya gari ina volti 12 tu. Volti 12 haziwezi kurusha cheche katika pengo la plagi, hasa ndani ya hewa iliyosongwa sana. Ndiyo sababu ikawekwa koili.

Ndani ya koili mna waya mnene na waya mwembamba, zote mbili zimezungushwa juu ya chuma. Umeme wa betri ukipita katika waya mnene, koili hujaa nguvu ya sumaku. Umeme ule ukikatwa ghafula, nguvu ya sumaku huanguka, na katika waya mwembamba huzaliwa umeme mkali wa volti 20,000 na zaidi. Huo ndio unaoruka katika plagi. Basi koili ni kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba. Lazima ipewe muda ijae, ndipo imwagwe. Ukiinyakua kabla haijajaa, utamwaga maji haba. Shika sana mfano huu wa ndoo, maana tutaurudia.

Distributa, kama jina lake lisemavyo, ni mgawaji. Injini ina silinda 4, koili ni 1. Ndani ya distributa kuna kidole kinachozunguka, ambacho mafundi hukiita rota. Juu yake iko kofia, na kutoka katika kofia hutoka waya nne kwenda kwenye plagi nne. Rota ikizunguka hupeleka cheche kwa zamu: katika injini nyingi silinda ya 1, kisha ya 3, kisha ya 4, kisha ya 2. Ni kama mama mwenye upawa mmoja akipakua sahani nne, kila mtoto kwa zamu yake. Katika distributa za kale mna pia poenti, yaani vichuma viwili vinavyogusana na kuachana, navyo ndivyo vinavyokata umeme wa koili. Mpango huu wa betri, koili na distributa ulitengenezwa na Mmarekani Charles Kettering mwanzoni mwa karne ya 20, ukatumika katika motokaa za dunia nzima kwa miaka mingi sana.

Distributa ina kazi ya pili, nayo ni kuchagua saa. Mpiga kengele wa parokia hangoji mpaka Padri asimame altareni ndipo apige kengele. Hupiga mapema, kwa kuwa watu wana njia ya kutembea. Vivyo hivyo cheche haingoji pistoni ifike juu kabisa. Hutolewa kabla kidogo, maana petroli nayo yataka muda kuwaka. Kadiri injini inavyokwenda mbio, ndivyo cheche inavyopaswa kuwahi zaidi. Katika distributa kazi hii hufanywa na vipande viwili vya chuma vyenye springi, vinavyotanuka kwa mwendo, na mara nyingi pia na kikombe chenye utando kinachovutwa na upepo wa injini. Ni akili ya chuma tupu, lakini ni akili.

Sasa tupige hesabu. Wanafunzi wa darasa la saba waweza kuifuata.

Silinda moja hutaka cheche 1 kila injini inapozunguka mara 2. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hutaka cheche 12,000 kwa dakika, yaani 200 kwa sekunde. Gawa sekunde moja katika vipande 1,000. Kila kipande huitwa milisekunde. Basi koili ile moja ina milisekunde 5 tu kwa kila cheche. Tena haizipati zote kujaa, kwa sababu poenti lazima ziachane kwa sehemu ya muda huo. Injini ikizunguka mara 8,000, kama zifanyavyo baadhi ya injini za mashindano, zabaki chini ya milisekunde 4. Ndoo inanyakuliwa kabla haijajaa. Poenti nazo, kwa mwendo huo, huanza kurukaruka zisifunge sawasawa. Cheche hudhoofika, silinda hukosa moto, na nguvu hupotea pale pale inapotakiwa.

Kuna na upungufu mwingine. Rota haigusi vyuma vya kofia. Umeme huruka pengo dogo hapo kabla haujafika kwenye plagi, na nguvu kidogo hupotea njiani. Tena distributa huzungushwa na meno au mnyororo, na vitu hivyo huchakaa vikalegea. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hugeuka digrii 36 katika milisekunde moja. Ulegevu mdogo tu huifanya cheche iyumbe, leo mapema, kesho kwa kuchelewa.

Ndiyo maana wahandisi waliiondoa distributa. Wazo lenyewe si geni kama vijana wadhaniavyo. Gari dogo la Kifaransa, Citroën 2CV, lililoonyeshwa Paris mwaka 1948, lilikuwa na silinda 2 na halikuwa na distributa hata kidogo. Koili moja ilitoa cheche katika plagi zote mbili kwa pamoja. Moja iliwasha petroli, nyingine ilipotea bure katika moshi unaotoka, wala haikudhuru kitu. Na gari hilo halikuundwa kwa mbio, bali kwa wakulima.

Injini nyingi za silinda 4 zisizo na distributa zilifuata njia hiyo, zikatumia koili 2. Pistoni ya 1 na ya 4 hupanda pamoja, hushughulikiwa na koili moja; ya 2 na ya 3 na koili nyingine. Baadaye ikaja njia ya koili moja juu ya kila plagi, hata zile waya ndefu zikaondoka. Katika injini hizi, saa ya cheche haichaguliwi na vyuma vyenye springi. Gurudumu lenye meno hufungwa kwenye kranki, kwa mfano lenye nafasi za meno 36 na jino 1 limeondolewa ili kuwa alama. Sensa huyasoma meno yakipita, na kompyuta huhesabu pistoni iko wapi na cheche itolewe lini.

Turudi kwenye ndoo. Injini ikizunguka mara 6,000, distributa huipa koili yake milisekunde 5. Koili mbili hupata milisekunde 10 kila moja. Koili nne hupata milisekunde 20 kila moja. Ndoo zinajaa mpaka ukingoni, na mwanya wabaki. Hii ndiyo faida yake, na ni faida ya kweli.

Vijana wengi wameipata hamu hii kwa kutazama mbio za Safari. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi zilifanywa wakati wa Pasaka. Mwaka 2021 zilirudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia huko Naivasha, na mwaka 2024 zilimalizika Jumapili ya Pasaka yenyewe, tarehe 31 Machi. Natumaini vijana wetu waliozitazama walikuwa wamekwisha sali Misa.

Sasa angalieni. Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari mara tatu: mwaka 1965 kwa Volvo, mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Gari zote hizo zilikuwa na distributa. Zilipita katika tope la masika na vumbi la nyika, zikafika. Lakini mwaka 1996 Tommi Mäkinen wa Finland aliposhinda kwa Mitsubishi Lancer, injini yake ilikuwa ya namna nyingine. Ilikuwa na turbo, yaani pampu inayoshindilia hewa katika silinda kwa nguvu. Hewa ikishindiliwa hivyo, cheche hupata taabu kubwa kuruka katika plagi, na ndoo ni lazima iwe imejaa kweli. Injini ya ukoo huo ina koili mbili na haina distributa. Kwa hiyo distributa haikuachwa kwa kuwa ni ya kizamani. Iliachwa na injini zilizoanza kuidai kazi isiyoiweza.

Hapa ndipo naweza kumjibu baba, na kijana asikilize pia.

Pikapu yenu, ikipanda mlima na magunia, yazunguka labda mara 3,000 kwa dakika. Piga hesabu ile ile. Cheche 100 kwa sekunde. Koili yenu moja ina milisekunde 10 kwa kila cheche. Ni muda ule ule anaopata kila koili wa gari lenye koili mbili likizunguka mara 6,000! Ndoo yenu haina njaa ya muda. Ukiweka koili nne, utakuwa umenunua ndoo nne za kuchotea maji ya kikombe kimoja.

Tena kijana, kumbuka neno hili: cheche haileti nguvu. Nguvu iko katika hewa na petroli. Cheche huifungulia mlango tu. Mlango ukifunguka sawasawa na kwa saa yake, kuufungua kwa ufunguo wa dhahabu hakuongezi kitu ndani ya nyumba. Kama gari halipandi mlima, tafuta kwanza sababu. Labda chujio la hewa limejaa vumbi, kabureta ina uchafu, valvu hazifungi, au ringi za pistoni zimekwisha. Koili nne haziponyi hata moja ya hayo.

Wala gharama si ya koili peke yake. Lazima upate gurudumu la meno, na sensa yake, na kompyuta, na nyaya, na mtu ajuaye kuipangia kompyuta saa za cheche kwa injini hiyo hasa. Akiipangia cheche iwahi mno, injini itagonga kama anayepiga nyundo ndani, na pistoni yaweza kutoboka. Hapo mtamba wa pili atafuata njia ya wa kwanza.

Yafaa mfanye nini basi? Kijana aifungue distributa hiyo mbele ya baba yake. Atazame kofia kama ina ufa au mstari mweusi wa umeme uliovuja. Aangalie kama rota imeungua. Ashike mhimili wake autikise. Ukicheza sana upande kwa upande, bushi zimekwisha. Apime pengo la poenti kwa kufuata kitabu cha gari. Katika gari nyingi ni karibu milimita 0.4, kama unene wa kucha. Asafishe plagi, abadilishe waya zilizokauka, kisha aipange saa ya cheche kwa taa ya kupimia. Fedha ya kuku wachache itatosha kwa mengi ya hayo. Na kama poenti zimemchosha, iko njia ya katikati: kuziondoa na kuweka jicho la sumaku ndani ya distributa ile ile. Viwanda vingi vya magari vilifanya hivyo katika miaka ya 1970. Kofia hubaki, rota hubaki, na taabu ya poenti huisha.

Lakini baba, usicheke mapema. Mwanao hakusema uongo. Katika injini ya mbio au yenye turbo, maneno yake ni kweli tupu. Tena kama distributa imechakaa kabisa na nyingine haipatikani, kuhamia koili na sensa ni jambo la busara hata kwa gari la kijijini. Na magari mengi yaliyotumika yanayoletwa siku hizi kutoka Japani hayana distributa. Nani atayatengeneza kijijini, kama vijana waliojifunza watanyamazishwa?

Mimi mwenyewe nimeyaona yote mawili. Usiku mmoja wa masika, gari la parokia lilikuwa likimpeleka Padri kwa bibi mmoja mgonjwa sana. Katika kuvuka kijito maji yalirukia distributa, na injini ikazima katikati ya maji. Katekista akaivua kofia, akaifuta ndani kwa shati lake, akairudisha. Ikawaka. Bibi alipokea Sakramenti, akafariki kabla ya mapambazuko. Gari lisilo na kofia ile labda lisingezima katika kijito. Lakini mwaka mwingine mgeni alikuja na gari jipya zaidi, lisilo na distributa. Lilizima mchana kweupe, juu ya barabara kavu, kwa kuharibika sensa moja ya kranki. Mashati yetu yote hayakufaa kitu. Lilikaa siku mbili chini ya mwembe mpaka alipokuja fundi mwenye kifaa cha kuisoma kompyuta.

Ndiyo kusema kila kimoja kina ugonjwa wake na mganga wake. Kabla ya kukibadili, jiulize kama mganga wake anakaa karibu.

Neno la tahadhari kwa vijana wote: umeme wa koili si mchezo. Msichomoe waya ya plagi kwa mkono injini ikiwaka ili "kuona moto". Umeme waweza kumtupa mtu chini, na katika mifumo mipya hata koili yaweza kuharibika. Mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani asisogelee kazi hiyo. Wala msifungue kabureta usiku kwa mwanga wa mshumaa. Mshumaa ni wa altare.

Basi, baba, hukumu yangu ni hii. Mtamba abaki zizini mpaka siku ya ada. Distributa ibaki katika injini, lakini iwe mikononi mwa mwanao, wala usimsimamie kama mwizi akiifungua. Mpe fedha ya plagi na kofia mpya, umshike taa yeye afanye kazi. Nawe kijana, siku baba yako atakapokuuliza, "Rota hii yafanya nini?", usimjibu kwa majina ya mjini. Mweleze polepole, kwa mfano wa ndoo ukipenda. Miaka yote hiyo amekuwa akiliendesha gari asilolijua ndani, nalo likakulisha.

Na gari likipanda mlima ule vizuri Jumapili ijayo, mpakieni na mama aje Misani.

Kwa leo yatosha. Tutaonana juma lijalo, Mungu akipenda.

Wenu,
Karani wa Parokia